Mfuate Ng'ombe wa Mahari: Namna ya Kumtafuta Bibi wa Ukoo katika Nyanda za Kati

Kaa na wazee wa ukoo wowote kati ya Mpwapwa na Manyoni, uwaombe wakuhesabie mababu. Watarudi nyuma bila kusitasita: fulani alimzaa fulani, akahamia Mvumi, akapata mifugo mingi, akamzaa fulani. Kisha uliza mke wa yule wa tatu alikuwa nani, na alitoka kwa nani. Hapo mazungumzo hupoa. Mmoja atasema alikuwa mtu wa upande wa Kilimatinde, mwingine atasema alifariki mapema, na wa tatu atakuuliza kwa nini unataka kujua.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumfuatilia mwanamke mmoja wa ukoo wake, aliyeishi Dodoma, Kondoa, Singida au jirani, kabla vyeti havijawa jambo la kawaida. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usimtafute kwa jina lake peke yake. Wanawake wa zamani walibadilishiwa majina, wakaitwa mama fulani, wakaandikwa "mke wa fulani", au hawakuandikwa kabisa. Mtafute kwa vitu vilivyohesabiwa kwa sababu yake: ng'ombe wa mahari, kibanda kilicholipiwa kodi, mtoto aliyepelekwa kubatizwa, mali iliyogawanywa alipofiwa. Wanaume waliotunza historia walivijali sana vitu hivyo, na kila walipovitaja, yeye alikuwa karibu.

Wa kwanza kuulizwa ni shangazi

Usianze na mkuu wa ukoo. Anza na wanawake wazee, hasa shangazi zako na dada za babu yako walio hai. Hao waliolewa wakaenda kwingine, kwa hiyo jiandae kusafiri. Utawakuta vijiji ambavyo wewe hujawahi kufika. Lakini walipokuwa wasichana walilala chumba kimoja na bibi, wakasaga naye, wakateka maji naye. Walisikia mambo ambayo kaka zao, waliokuwa machungani kutwa nzima, hawakuyasikia.

Panga safari baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua za Dodoma huanza mwezi Desemba hivi na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo watu wako shambani tangu alfajiri, chakula cha ghalani kinapungua, na mgeni mwenye maswali mengi ni mzigo kwa wenyeji. Kiangazi watu wanapura uwele na mtama na kubangua karanga, na mikono ikiwa kazini mdomo hufunguka. Chukua sukari, majani ya chai na khanga. Amkia kwa shikamoo, na kama unajua Kigogo salimia kwa mbukwa. Hata matamshi yakikupiga chenga utaonekana mtoto wa nyumbani. Kaa chini, saidia kubangua. Kalamu ibaki mfukoni mpaka umekula.

Kuuliza bibi alizaliwa mwaka gani hakusaidii. Jibu halipo, na mzee anabaki akijiona hajui kitu. Uliza mambo ambayo lazima aliyaona au aliyasikia. Siku anapelekwa kwa mumewe, nani walimsindikiza? Alikuta wake wangapi? Mlango wake ulikuwa upande gani wa tembe? Nani alimzalisha mtoto wa kwanza? Watoto waliokufa wadogo waliitwa nani? Mtoto gani alipewa jina la mama yake mzazi? Alikuwa hali nyama gani?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kila mbeyu, yaani ukoo wa Kigogo, ina mwiko wake, na mwanamke haachi ukoo wa baba yake kwa kuolewa. Mwiko aliokuja nao kwenye nyumba ya mumewe unaweza kukufikisha kwenye ukoo wake hata pale ambapo jina la baba yake limesahaulika. Swali la majina ya watoto nalo hulipa. Wagogo hurudisha majina ya waliotangulia, na jina la kike linalojitokeza kila baada ya vizazi viwili, kisha halipo kabisa upande wa baba, huenda limetoka kwao.

Mwombe pia aimbe. Muheme ni ngoma ya Kigogo ambayo wapigaji wake ni wanawake, na nyimbo zake zinahusiana na jando na unyago. Katika nyimbo za wanawake kuna majina ya watu, vijiji, ugomvi na misiba. Zile wasizotaka uzisikie, hasa kama wewe ni mwanamume, ziache.

Rekodi kwa simu kama umeruhusiwa. Mwanzoni taja tarehe, kijiji na jina la anayesimulia, kwa sababu rekodi isiyo na maelezo hayo ni sauti tu baada ya miaka michache. Usiku uleule fungua kaunta buku: ukurasa wa kushoto andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, kulia andika unachodhani kina maana. Ukiyachanganya hayo mawili, hutajua baadaye lipi ni la shangazi na lipi ni lako.

Zizi lina kumbukumbu

Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1969 kitabu kizima kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo. Jambo ambalo wazee watakueleza hata bila kitabu ni kwamba mahari haikutoka kwa mtu mmoja wala haikuingia zizi moja. Ndugu wa bwana harusi upande wa baba na upande wa mama walichangia, na ndugu wa binti wa pande zote mbili waligawana.

Kwa anayetafuta mwanamke, hiyo ni njia iliyonyooka kabisa. Mzee asiyekumbuka jina la bibi mzaa babu anaweza kukumbuka kwamba jike moja lenye madoa lilikwenda Chipanga kwa mjomba wake. Usimwache hapo. Mjomba ni kaka wa mama yake. Kwa ng'ombe mmoja umejua mama wa bibi alitoka Chipanga, na sasa una familia ya kwenda kuuliza. Wapokeaji nao wana kumbukumbu zao, na mara nyingi aliyepokea hukumbuka vizuri kuliko aliyetoa.

Kuna swali la pili la zizi ambalo hupuuzwa. Katika kaya ya wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake, na mifugo iliyotengwa kwa nyumba hiyo. Mahari ya binti wa nyumba fulani ilitarajiwa imwoze kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo, unapokuta orodha ya watoto 15 wa babu mmoja, na hakuna anayejua nani alizaliwa na nani, uliza: ng'ombe za shangazi huyu zilimwoza nani? Utaona watoto wanaanza kujipanga wenyewe nyuma ya mama zao. Nimeona orodha iliyokuwa fujo tupu ikikaa sawa kwa swali hilo moja, wazee wakibishana kwa furaha juu ya fahali aliyekufa miaka mingi iliyopita.

Kama bibi yako alikuwa Mkaguru, wa upande wa Mpwapwa, Kongwa au Gairo, geuza utaratibu. Ukoo wa Kikaguru hufuata upande wa mama, na huko wajomba watakuhesabia akina mama kwa wepesi ule ambao Wagogo huhesabia akina baba. Ndoa za kuchanganya kati ya Wagogo na Wakaguru ni za zamani, kwa hiyo usidhani umekwama kabla hujauliza kama kuna mama wa Kikaguru mahali fulani juu.

Mahari isiyokamilika huzaa kesi, na kesi huzaa maandishi. Wakati wa Waingereza mabaraza ya wenyeji yalisikiliza mashauri ya talaka na ya kurudishiana ng'ombe. Baada ya Uhuru kazi hiyo ilihamia Mahakama za Mwanzo. Ndani ya shauri la namna hiyo mwanamke anaweza kuwa ametajwa kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake, na pengine maneno yake mwenyewe yameandikwa. Muulize karani wa mahakama ya eneo hilo majalada ya zamani yalipelekwa wapi.

Halafu kuna kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na Waingereza wakaendelea nayo chini ya sheria ya kodi ya vibanda na vichwa ya mwaka 1922. Mwanamume mwenye wake wengi alilipa zaidi. Ikiwa ndani ya sanduku la bati la babu zimesalia stakabadhi, zipange kwa miaka. Idadi ikipanda kutoka moja hadi mbili, umepata mwaka wa karibu ambao mke wa pili alikuja. Ikishuka, uliza kilitokea nini: kifo, talaka, au mama aliyerudi kwao.

Kukadiria miaka kwa njaa, reli na nzige

Nyanda za kati zina mvua chache na kalenda yake ni ya njaa. Wazee watakutajia njaa kwa majina, na jina la njaa moja hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo uliza daima iliyotangulia na iliyofuata.

Kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za Ugogo ni Mtunya. Majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliingia Kondoa Aprili 1916 na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Pande zote mbili za vita zilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakosekana, na mwaka 1918 homa ya mafua ikapita juu ya watu waliokwisha dhoofika. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika juu ya njaa hiyo mwaka 1990, anataja vifo 30,000 katika watu 150,000 wa Ugogo. Mtu mmoja kati ya watano. Kama bibi yako aliishi kupita hapo, aliyafanya mambo makubwa ili ukoo wako uwepo, na nadhani hapo ndipo pa kuuliza kwa subira kuliko popote: alikula nini, alikwenda wapi, alimwacha nani njiani.

Sasa jaribu kukadiria. Tuseme shangazi anakwambia, "Mama alipoolewa reli ilikuwa imekwisha fika, na Mtunya ilimkuta na mtoto mgongoni na mwingine tumboni." Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mtunya ilianza kuuma mwaka 1917. Kwa hiyo aliolewa kati ya 1910 na 1915 hivi. Ukikadiria kwamba aliolewa akiwa na miaka 15 hadi 20, alizaliwa kati ya 1890 na 1900. Andika hivyohivyo, "kati ya 1890 na 1900". Usiandike 1895 kwa sababu inapendeza machoni. Mjukuu wako ataiamini. Kisha tafuta alama nyingine ya kubana makadirio. Sotoka iliyomaliza ng'ombe ilipita mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kama inasemwa alizaliwa wakati baba yake hana ng'ombe hata mmoja, umesogea karibu zaidi.

Kwa watoto na wajukuu wake tumia alama za baadaye: nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947 na kuachwa 1951, uliowavuta wanaume wengi kwenye kazi za mshahara, Uhuru mwaka 1961, na Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, ambayo nitairudia.

Mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo

Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na baadaye Waanglikana wakawa na vituo Kongwa, Mvumi, Buigiri na Kilimatinde. Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, George Chambers akiwa askofu wake wa kwanza. Wakatoliki walikuwa na misheni za zamani Kondoa, Haubi na Bihawana, na upande wa Singida na Iramba Walutheri walikuwa na nguvu. Jua kwanza bibi alikuwa wa dhehebu gani na alisali kituo gani. Kituo cha karibu leo huenda hakikuwepo siku zake, kwa hiyo uliza misheni mama.

Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, na umpitie katekista au mwinjilisti kabla ya paroko au mchungaji. Vitabu hivi ni vya zamani, karatasi zake hukatika kwenye mkunjo. Fungua taratibu, usipige picha bila ruhusa, na usisahau kutoa sadaka.

Chukua kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki cha enzi za zamani. Mara nyingi kiliandikwa Kilatini, lakini safu zake ni rahisi kuzoea: namba, tarehe ya ubatizo, jina la mtoto, baba, mama, mahali, msimamizi, padri, na nafasi pembeni. Watu wengi husoma jina la mtoto na kufunga. Wewe soma mstari mzima, mpaka pembeni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo iandikwe kwenye kitabu alichobatiziwa. Kwa hiyo msichana aliyebatizwa Bihawana na kuolewa Kondoa anatakiwa awe na maandishi madogo pembeni mwa jina lake Bihawana: tarehe, parokia na mume. Maandishi hayo huwa kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, maana aliyeyaandika alikuja miaka mingi baada ya padri wa kwanza. Hayo ndiyo unayoyatafuta.

Bibi asipoonekana kama mtoto, mtafute kama mama. Pitia ubatizo wa watoto wake wote, si wa babu yako tu. Kwa mtoto wa kwanza anaweza kuwa ameandikwa jina la Kigogo kwa sababu alikuwa hajabatizwa. Kwa mtoto wa tatu ghafla ni Mariamu. Hapo umepata majina yake yote mawili, na pia umejua alibatizwa katikati ya hao watoto. Mtafute tena kama msimamizi wa watoto wa wengine, kwa sababu watu humwomba jirani, ndugu au mtu wanayemheshimu.

Majina ya ubatizo yalirudiwarudiwa. Kituo kimoja kinaweza kuwa na akina Mariamu, Damari na Raheli wengi wa rika moja, kwa hiyo usimkubali mtu kwa jina tu: jina, mume, kijiji na miaka vikubaliane. Na usikatishwe tamaa na tahajia. Kigogo huandikwa kwa c pale ambapo Kiswahili kina ch, l na r hubadilishana, na Wajerumani waliandika Mpwapwa kama Mpapua. Chilongani, Cilongani na Kilongani panaweza kuwa mahali pamoja.

Waislamu wa Kondoa na mitaa ya zamani ya miji iliyokuwa kwenye njia ya misafara hawana kitabu cha ubatizo, ila ndoa ina mashahidi, walii na mahari iliyotajwa. Tafuta karatasi za ndoa nyumbani kwanza, kisha kwa familia ya sheikh aliyefungisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza ndoa zisajiliwe, kwa hiyo vyeti vinaongezeka tangu hapo.

Ofisi zinazofaa na zisizofaa

Sensa usihangaike nayo. Matokeo yake ni jumla za watu, hayafungui jina la mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa cha bibi pia usikitarajie, kwa kuwa usajili wa vizazi vijijini kwa Waafrika ulikuwa nadra sana wakati wa ukoloni. Lakini vyeti vya watoto wake wa mwisho, hata vile vya kuchelewa vilivyotolewa kwa ajili ya shule au pensheni, vina jina la mama. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ndio unaotunza daftari hilo leo.

Faili lenye utajiri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la mirathi. Mtu anapofariki na familia ikaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi, hupelekwa muhtasari wa kikao cha ukoo: waliohudhuria, wajane, watoto wa kila mke, mali. Babu aliyefariki miaka ya 1980 anaweza kuwa ameacha karatasi mbili za mkono zinazoorodhesha nyumba zote za wake zake. Nakala hubaki kwa katibu wa kikao, na katibu huwa ni mjomba au baba mdogo mwenye mwandiko mzuri. Muulize yeye kabla ya mahakama.

Kumbukumbu za Taifa zina makao yake Dar es Salaam, Upanga, na zina kituo Dodoma. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Omba majalada ya Jimbo la Kati na vitabu vya wilaya vya Dodoma, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni. Jina la bibi huenda lisiwemo. Utakachopata ni jumbe wa eneo lake, mwaka uliogawiwa chakula cha njaa, magonjwa ya ng'ombe, mipaka iliyobadilishwa. Ndipo ile kauli ya shangazi kwamba "tulihama mwaka ule wa ugomvi" inapata tarehe.

Barua za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ukiwa na ndugu huko, mpe kazi hiyo. Wauguzi na walimu wa kike wa misheni waliwaona wanawake ambao maofisa wa serikali hawakuwaona. Mfano bora ni kutoka kusini: Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian, aliandika masimulizi ya maisha ya wanawake kama Narwimba na Chisi, waliopitia utumwa na kupoteza waume, na mwanahistoria Marcia Wright akayakusanya tena katika kitabu chake cha mwaka 1993. Soma jinsi Narwimba anavyohesabu waume, watoto na wakuu waliompokea, utajua ni maswali gani ya kumuuliza shangazi.

Vitabu vya wenyeji pia visome, huku ukijua vinachopungukiwa. Mathias Mnyampala alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, na Mwalimu Ernest Musa Kongola aliandika historia za koo. Vimejaa watemi na baba zao. Chukua humo ukoo, uhamaji na mwiko, halafu rudi kwa wanawake. Hata mwanamke mashuhuri ametegemea midomo ya watu: Liti Kidanka wa Wanyaturu, anayesimuliwa kuwapinga Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20, leo ana uwanja wa mpira Singida unaoitwa kwa jina lake, na tunamjua kwa sababu Wanyaturu hawakuacha kumsimulia.

Vipimo vya vinasaba navyo vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009. Vinaweza kuonyesha nasaba ya upande wa mama, ila havikupi jina, kijiji wala habari.

Pale wanaponyamaza

Kuna kimya cha kusahau na kimya cha kuficha, na utavitofautisha kwa uso wa anayenyamaza. Njia ya misafara ilipita Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali, ikakata Ugogo kuelekea Tabora, na wanawake wengi walifika nchi hii wakiwa mateka, wakaolewa, wakazaa, wakapewa ukoo wa waliowapokea. Watoto waliozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 walitangazwa huru chini ya Wajerumani, na Waingereza wakaufuta utumwa kabisa mwaka 1922. Kwa hiyo mtoto wa mmoja wa mateka hao anaweza kuwa bibi aliyemlea shangazi yako. Wakati wa njaa kubwa kuna wasichana waliopelekwa kwa watu wenye chakula na hawakurudi. Wengine waliugua wakaachwa, wengine waliondoka kwa waume zao kwa sababu nzuri.

Dalili zipo: bibi asiye na mjomba aliyepokea ng'ombe; jina la kabila la mbali kidogo; mwiko ambao hakuna ukoo wa jirani unao. Ukiziona, usizitangaze kikaoni. Mwendee mwanamke mzee mmoja, peke yake, useme ulichokisikia na umwambie hutaandika asichotaka. Akikataa, andika kwenye kaunta buku kwamba hapo pana jambo, ukomee hapo. Kuna wanaoishi sasa ambao heshima au urithi wao unaguswa na neno hilo, nao hawakukuomba uwatafutie asili yao.

Nenda kwenye matongo

Operesheni Dodoma ilihamisha watu kutoka makazi yao ya kutawanyika na kuwaweka vijijini mwaka 1970 na 1971, miaka michache kabla ya nchi nzima. Kondoa kulifuata jambo jingine: mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, na kaya nyingi zikahama na ng'ombe wao. Kwa hiyo kijiji unachokijua wewe huenda bibi hakuwahi kukaa. Omba upelekwe kwenye matongo, mahali tembe lilipokuwa.

Nenda na mtu aliyezaliwa pale. Utaona mbuyu au ua wa minyaa uliobaki, udongo mweusi palipokuwa zizi, pengine jiwe la kusagia lenye shimo la mikono ya miaka. Mtu huyo akisimama pale ataanza kuonyesha kwa mkono: mlango wa mke mkubwa, ghala, njia ya kisimani. Chora ramani papo hapo, yeye akusahihishe. Majirani atakaowataja ndio wanaofuata kuhojiwa, kwa sababu jirani hana haja ya kuupamba ukoo wako. Jiwe liache lilipo, isipokuwa ndugu wamekubaliana lichukuliwe.

Kuandika

Andika kurasa chache, kwa Kiswahili ambacho shangazi atakielewa akisomewa. Kila habari iwe na chanzo chake ndani ya sentensi: kasema nani, wapi, lini, au kitabu gani cha kanisa. Wazee wakitofautiana, andika kauli zote mbili na majina ya waliosema. Chora nasaba kwa kuanza na yeye katikati, wazazi wake juu, waume na watoto chini, si kumning'iniza pembeni mwa babu.

Chapa nakala kadhaa. Subiri mkutano wa ukoo, arusi au hitima, omba nafasi na usome kwa sauti mbele ya wote. Watakukatiza. Yupo atakayesema mtoto wa pili si huyo, na mwingine kutoka nyuma, aliyekuja kama mke wa mtu na hakuna aliyefikiria kumuuliza, atasema yeye aliambiwa na mama yake kwamba bibi huyo alikuwa na dada Kilimatinde. Mpe kiti, fungua ukurasa mpya wa kaunta buku, muulize ng'ombe za dada huyo zilikwenda kwa nani.